Kijana, simu na kujifungia chumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wazazi, walimu na vijana wanapokaa kuzungumzia simu. Mengi huanza na "simu imemharibu mwanangu". Majibu mengi hapa yanaanzia kwingine: kabla hujaishtaki simu, tafuta kijana amekimbia nini. Ukurasa huu hauchukui nafasi ya daktari.

Mwanangu anashinda chumbani na simu kutwa nzima. Ni mgonjwa?

Saa peke yake hazitoshi kusema. Kijana anaweza kushika simu saa saba kwa siku huku anasoma, anauza viatu vya mtumba kwenye status, anataniana na wenzake, na jioni akatoka kwenda mpirani. Huyo ana mazoea yanayokera, basi. Mwingine anaishika saa mbili tu na hali yake ni mbaya.

Angalia kilichobadilika. Sahani inarudi jikoni ugali umemegwa tonge mbili. Ndoo ya maji ya kuoga aliyochotewa asubuhi iko palepale adhuhuri. Rafiki yake wa siku zote akipiga hodi anaambiwa "mwambieni nimelala". Hasira ziko karibu, kicheko hakuna, na kila anachoitiwa jibu ni "sijisikii". Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo, wataalamu huanza kufikiria sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wazazi wengi hungoja muhula mzima wakiamini ni ukubwa unaingia. Kubalehe kunaleta ukimya na kununa, ni kweli, lakini hakumwondolei mtu hamu ya kila alichokipenda.

Simu ndiyo huleta sonona, au mwenye sonona ndiye hukimbilia simu?

Yote mawili hutokea, na watafiti bado wanabishana. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza. Matumizi ya teknolojia yalieleza asilimia 0.4 tu, tena kwa kiwango cha juu kabisa, ya tofauti za ustawi wa vijana hao. Ukiishia hapo utasema simu haina kosa. Lakini mwaka uliotangulia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio la wanafunzi 143. Waliopangiwa dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao kati ya Facebook, Instagram na Snapchat, kwa wiki tatu, upweke na sonona vilipungua kuliko kwa wenzao walioendelea kama kawaida.

Ninavyosoma mimi, matokeo haya hayagongani. Wastani wa vijana laki tatu na nusu unawaweka pamoja wasiodhurika, wanaonufaika na wachache wanaoumia vibaya. Namba ya jumla inatoka ndogo, na yule anayeumia nyumbani kwako haonekani humo. Tena tafiti hizi ni za nchi ambako vijana wengi wana simu zao wenyewe na intaneti ni nadra kukatika. Huku bando linanunuliwa la siku, na simu ya mama inagombewa na watoto watatu. Usizichukue saa za huko ukapimia za hapa.

Wanaodhani vijana walianza kujifungia baada ya simu janja kuja, waitazame Japani. Mwaka 1998 daktari wa magonjwa ya akili Saitō Tamaki alikwisha kuandika kuhusu vijana waliokaa ndani miezi sita na zaidi, shule hawaendi, kazi hawafanyi, wanaoitwa hikikomori. iPhone ya kwanza ilitoka 2007. Mwaka 2016 serikali ya Japani ilikadiria kuwa watu 541,000 wa miaka 15 hadi 39 waliishi hivyo. Kilichowarudisha ndani mara nyingi ni uonevu shuleni, kuacha shule, au kazi iliyowashinda au kutopatikana. Simu janja ilipokuja ikawakuta wako ndani tayari, ikawarahisishia kubaki.

Kwa nini hawezi kuiacha hata anapotaka?

Imetengenezwa isiachike. Ule ukurasa usio na mwisho, unaoendelea kila ukisukuma kidole, ulibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta. Kitabu kina mwisho wa sura, taarifa ya habari ina muziki wa kufungia. Hapa hakuna pa kusimama. Halafu hujui video ijayo itakuchekesha au itakuchosha, na kutojua huko ndiko kunakokufanya usukume tena.

Kwetu kuna bando la usiku. Data ya usiku wa manane ni ya bei nafuu kuliko ya mchana, kwa hiyo kijana asiye na kipato anatega kengele, anaamka saa sita na kuperuzi hadi karibu na adhana ya alfajiri. Asubuhi mzazi anaona uvivu, kumbe huyo kalala kwa muda wa saa mbili tu. Usingizi ukivurugika hivyo kwa wiki kadhaa unatosha wenyewe kumfanya mtu awe mkali, asahau na kuona kila kitu kibaya. Ukiniuliza pa kuanzia, nitasema hapa: chaja ihamie sebuleni, na mnunulie bando la mchana, hata dogo. Wazazi hushangaa kuambiwa wanunue bando, lakini ni bei ndogo kulipia usingizi wa mtoto.

Nimnyang'anye simu, yaishe?

Ni nadra kuisha kwa njia hiyo. Kumpokonya simu aliyejificha humo, bila kujua alichokimbia, ni kumbomolea kibanda mvua ikiwa bado inanyesha. Wengi huazima simu ya rafiki, hufungua akaunti nyingine, na mzazi anapoteza hata kile kidogo alichokuwa anakiona.

Anza na mazungumzo, ila usimkalishe kitini kama mshtakiwa. Vijana huongea zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine: mkichambua mchicha, mkiosha pikipiki, mkitembea kwenda dukani. "Mbona siku hizi humtaji Juma?" hufungua mlango ambao "una nini wewe?" huufunga. Na kanuni za nyumba zimhusu kila mtu. Baba anayetazama mpira kwenye simu wakati wa chakula hana la kumwambia mwanawe.

Kwa watoto wadogo ni jambo jingine. Mitandao mingi yenyewe huweka miaka 13 kuwa umri wa chini. Australia imekwenda mbali zaidi: sheria ya 2024, iliyoanza kutumika Desemba 10, 2025, inaitaka mitandao mikubwa isiruhusu akaunti za walio chini ya miaka 16. Mimi sioni sheria kama hiyo ikifika mbali katika nyumba ambayo mtoto anaingia TikTok kwa namba ya shangazi yake.

Mbona hali huwa mbaya zaidi baada ya kidato cha nne?

Tazama kalenda. Tanzania mtihani hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Kenya nayo, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hutoka Januari na wanaokwenda chuo kikuu hungoja hadi Agosti au Septemba. Kijana aliyekuwa bweni aliamshwa na kengele kabla ya mapambazuko, alizungukwa na wenzake usiku na mchana, na simu ilikuwa marufuku. Ghafla yuko nyumbani. Ratiba hakuna. Marafiki wametawanyika, huyu Kigoma, yule Lindi. Na ndipo anapopewa simu yake ya kwanza, zawadi ya kumaliza shule. Wenzake wote sasa wamo ndani ya kioo hicho.

Kisha matokeo yanatoka. Baraza la Mitihani la Tanzania huyaweka kwenye tovuti yake shule kwa shule, kwa namba ya mtahiniwa, na anayeijua namba anaona. Mara nyingi mjomba ndiye wa kwanza kuona, na picha ya matokeo inatua kwenye group la ukoo kabla mwenyewe hajashika simu. Aliyepata ziro anashinda siku nzima akitazama wenzake wanaandika "Mungu ni mwema" juu ya divisheni wani. Ndani ya saa ishirini na nne amezima status, amejitoa kwenye group la darasa, na mlango umefungwa.

Mambo mawili husaidia. La kwanza, kubalianeni mapema kwamba matokeo atayatangaza mwenyewe akitaka, na mjomba aambiwe waziwazi. La pili, miezi hiyo ijazwe na kitu chenye saa na watu: kozi fupi ya ufundi VETA, kwaya, madrasa, timu ya mtaa, kusimama dukani kwa malipo hata kidogo, au darasa la kurisiti kama ameamua kurudia. Kozi ya mtandaoni anayoifanya peke yake chumbani inaongeza ujuzi, lakini upweke unabaki palepale.

Anabeti, na nimegundua anakopa kwenye programu za mikopo. Vinahusiana na kujitenga kwake?

Sana, na wazazi hupitwa na hili wakiwa wamekazia macho TikTok. Mkeka, yaani orodha ya mechi alizobetia, unachanika mechi ya mwisho. Anakopa kidogo ili arudishe. Programu ya mkopo, alipoipakua, iliomba ruhusa ya kuyaona majina yote kwenye simu, naye akabonyeza "kubali". Akichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa bosi, kwa mchumba, kwa mama mkwe mtarajiwa: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Anabadili laini. Anaacha kupokea simu. Kijiweni haonekani, geto linafungwa kwa ndani. Kwa nje inaonekana kamezwa na mtandao, kumbe ni deni na aibu.

Sheria haiko upande wa wanaodai hivyo. Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kumwaibisha mkopaji kwa watu walio kwenye simu yake. Tanzania, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Vijana wengi hawajui hata moja kati ya haya, na kujua kwenyewe kunapunguza hofu.

Kaeni naye, madeni yote yaandikwe kwenye karatasi moja, jina na kiasi. Watangulieni wanaodai: tumeni ujumbe mfupi kwa ndugu na kwa bosi kuwa mkipokea vitisho kuhusu fulani, familia inajua na inashughulikia. Ujumbe huo mmoja huwaondolea silaha yao kubwa. Usilipe yote kimyakimya ukamrudishia simu ileile yenye programu zilezile.

Na gemu?

Shirika la Afya Duniani lililiingiza tatizo la kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo ni vikali: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na maisha kuharibika, kwa kawaida kwa miezi 12. Anayeshinda kibanda cha PlayStation akipiga kelele na wenzake kumi huenda anakula pesa zako, ila mpweke siye.

Binti yangu ameacha kwenda kanisani na anafuta picha zake zote. Nini kinaendelea?

Huenda ni kujilinganisha tu na nyuso zilizolainishwa na programu. Lakini muulize kwa upole kama kuna mtu anamtisha kwa picha. Huu ni mchezo mchafu ulio karibu kuliko tunavyokiri: mpenzi wa zamani, au mtu asiyemjua, anazo picha za faragha na anadai pesa au picha zaidi. Binti anajitenga kwa sababu kila anayemtazama anahisi kashaziona.

Neno lako la kwanza liwe "hatukuachi", kabla ya swali lolote la kwa nini alipiga picha hizo. Msilipe, kwa kuwa madai hayaishi. Msifute ujumbe, kwa kuwa ndio ushahidi. Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inafanya kusambaza picha za faragha kuwa kosa. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Nendeni naye, asiende peke yake.

Marafiki zake wote ni wa mtandaoni. Hao ni marafiki?

Wanaweza kuwa. Kijana kiziwi ambaye mtaani hakuna anayejua lugha ya alama anapata watu wake kwenye video. Msichana wa Tanga au Kwale anayefanya kazi za ndani Muscat, Oman, ambaye hatoki nje ya geti isipokuwa na tajiri wake, ana sauti ya mama yake kwenye WhatsApp usiku. Kwake yeye upweke unaanza simu inapochukuliwa.

Nyumba kuwa na watu wengi hakuondoi upweke. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilisema mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke, na vijana wamo miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Uliza hivi: akiumwa leo, kuna mmoja wao atakayejua? Kuna anayemtafuta yeye kwanza? Wakiwepo, wathamini, hata kama hujawahi kuwaona. Anayewatazama watu elfu mbili bila yeyote kumjua kwa jina, huyo ndiye wa kumhangaikia.

Si magonjwa ya Wazungu haya?

Hapana. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Sisi tulikuwa tunayaita majina mengine, na aliyezidiwa tulimpeleka hospitali ya akili ya Mirembe huku tukimcheka.

Nimpeleke kwa shehe, kwa mchungaji au hospitali?

Hakuna anayekulazimisha kuchagua mmoja. Dua na maombi humpa mtu watu wa kukaa naye, na hilo peke yake ni tiba ya upweke. Lakini kiongozi wa dini anayesema "acha dawa, imani inatosha", au anayemfunga kamba na kumnyima chakula, ondoka kwake siku hiyohiyo.

Hospitali anzia ya wilaya au ya kaunti. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari, Mombasa kuna Port Reitz. Wengi wanaofika huzungumza na mtaalamu, wakapewa tarehe ya kurudi, wakalala nyumbani kwao. Kulazwa ni kwa wachache.

Kama mtaalamu yuko mbali, usidhani hakuna la kufanya. Mjini Harare, Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye sonona kwa utaratibu maalumu. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha waliopita kwenye benchi hizo walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Kenya, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliotoka tu kumaliza shule kuongoza vikao vinne na wanafunzi 413 wa sekondari. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kuliko katika kundi la kulinganishia. Shule yoyote yenye mwalimu wa ushauri nasaha anayejali inaweza kuanza na kikao kimoja kwa wiki.

Anaongea na programu ya akili bandia usiku kucha. Nizuie?

Usimcheke kwanza. Anaongea nayo kwa sababu haichoki, haimsemi kwa majirani na haimwambii "sisi zamani tulikuwa tunapigwa". Muulize huwa anaiuliza nini. Huenda ni mambo ambayo angependa kukuambia wewe. Kasoro yake ni kwamba haioni sahani iliyorudi na chakula, haiwezi kuja kugonga mlango, na huelekea kukubaliana na unachokiambia. Kwa maswali ya shule sawa. Kwa mtu anayefikiria kujidhuru, haitoshi kabisa.

Amesema amechoka kuishi. Ananitisha tu?

Mchukulie kwa uzito, kila mara. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kulitoa. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za shamba na za hospitali zifungiwe mbali naye, na mwende hospitali leo. Kugawa vitu vyake, kuaga watu bila safari, au utulivu wa ghafla baada ya wiki za huzuni ni dalili za kukimbia naye, na wala usingoje atamke.

Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi. Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Tanzania kosa hilo limo katika kifungu cha 217. Hata hivyo daktari kwanza. Mengine yatashughulikiwa mtoto akiwa hai.

Mimi ndiye kijana mwenyewe. Nitamwambiaje mama?

Huna haja ya kumweleza yote. Chagua mtu mmoja, na kama si mama awe shangazi, kaka mkubwa au mwalimu. Ukiona aibu kusema uso kwa uso, andika ujumbe: "Mama, sijisikii vizuri kwa muda mrefu sasa. Silali, sina hamu na chochote. Naomba tuongee, ila usinigombeze." Akijibu "omba tu Mungu" au "una bahati wewe, sisi tulilala njaa", usihesabu kwamba umekataliwa. Kizazi chao hakikufundishwa kujibu hilo. Jaribu tena au nenda kwa mwingine.

Namba zipi za kuhifadhi?

Tanzania na Kenya, namba ya msaada kwa mtoto ni 116, bure. Uganda pia ni 116. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea wanaohitaji msaada wa kisaikolojia kwa 1199, bure. Ziandike pia kwenye karatasi na ubandike mahali panapoonekana na kila mtu nyumbani, maana siku ya kuzihitaji simu inaweza kuwa imezima chaji.